Mtu Asiyeinama

Mume wangu hakuwa mtu wa kuinama. Msinielewe vibaya, hakuwa na kiburi, na kiuno chake kilikuwa kizima kabisa. Ila kitu kikianguka ndani ya nyumba yetu, kiwe kijiko, kifungo au hata mtoto, yeye alipiga magoti kwanza, mgongo umenyooka kama wa askari kwenye gwaride, kisha akakiokota polepole huku macho yakitazama mbele. Wateja waliokuja kwangu kushonewa nguo walidhani anasali. Watoto wetu nao walikua wakiokota vitu kwa namna hiyo hiyo, mpaka mwalimu wa darasa la kwanza akaniita shuleni kuniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa mgongo wa kurithi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kima. Kima wa porini anajua jambo moja kuhusu binadamu: akiinama, anaokota jiwe. Hangoji kuliona hilo jiwe. Mgongo ukipinda tu, kundi zima limeshaondoka, na wewe unabaki unatazama matawi yakitikisika. Basi hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi ya mume wangu. Mbele ya kima usiiname. Kalamu ikidondoka, piga magoti. Kamba ya kiatu ikifunguka, iache mpaka wapite. Aliishi na sheria hiyo zaidi ya miaka ishirini, na mazoea yana tabu, hayajui kubaki kazini saa za kazi zikiisha.

Kituo cha utafiti kilikuwa mwisho wa barabara, mahali ambapo dereva mgeni akifika huzima injini na kuuliza kama kweli ni hapa. Kulikuwa na nyumba chache za mbao zilizoezekwa kwa mabati, chumba cha kukaushia majani ambacho kilinuka kama chai iliyosahauliwa jikoni, na rafu za vichupa vyenye kinyesi cha kima kilichohifadhiwa kwa spiriti, kila kichupa kikiwa na jina la mwenye mali. Nyuma ya nyumba hizo msitu ulianza bila kupiga hodi. Mvua ikikatika juu, chini ya miti iliendelea kunyesha mpaka mchana.

Yeye alifika pale kubeba saruji wakati majengo yanajengwa. Saruji ilipokwisha, Profesa aliyeanzisha kituo, mwanamke mwembamba aliyetembea haraka kuliko vijana wake, aliwauliza vibarua nani kati yao anaweza kufyeka njia msituni bila kelele. Wote walinyoosha mikono na kupiga kelele, "Mimi! Mimi!" Mume wangu alinyoosha mkono akanyamaza. Kazi akapata yeye.

Nami nilimpata kwa sababu ya suruali. Miiba ilikuwa inamchania kila wiki, na mimi ndiye nilikuwa na cherehani karibu na geti. Alileta suruali ile ile mara nyingi sana, hata nikamwambia, "Kaka, hii sasa ni viraka vinavyotafuta suruali." Alicheka. Wiki iliyofuata akaleta nyingine ambayo haikuwa imechanika popote.

Miaka ya mwanzo hakuwaona kima, aliona mikia tu. Kila asubuhi aliwafuata, akakaa mahali wanapoweza kumwona, akakohoa kidogo mara mbili, kikohozi chepesi cha mtu anayetaka kuingia jikoni kwa watu, ili wajue ni yeye. Kisha akajifanya hana haja nao. Ilibidi avae shati lile lile kila siku, la kijani kilichofifia, nami nikamshonea mashati hayo kwa kipimo kimoja na kitambaa kimoja mpaka muuza vitambaa akawa ananiuliza kama nimefungua jeshi. Niliyafua kwa sabuni isiyo na harufu. Wenzake walioanza naye walichoka, wakatafuta kazi zenye paa. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Wangu kwa muda mrefu alikula mvua.

Halafu jioni moja alirudi, akaketi kwenye benchi la wateja wangu, shati limemgandama mwilini.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Leo mmoja amelala mbele yangu."

"Amelala vipi?"

"Usingizi, mama watoto. Amefumba macho."

Nilimwona anazuia machozi, nikajisemea, makubwa haya. Nilikuwa na gauni la harusi la mtu linanisubiri. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mnyama anayewindwa na tai kutoka juu na chui kutoka chini hafumbi macho ovyo. Yule alikuwa jike ambaye mkia wake ulikatwa na mtego wa waya, ukabaki kipande. Kituoni walimwita Kisiki. Mimi nilimwita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu hajambo?" nilikuwa namuuliza akirudi.

"Hajambo, anakusalimu."

"Mwambie naye apike siku moja."

Ulikuwa utani, lakini utani wetu ulikuwa na mwiba ndani. Alijua Kisiki ana mimba kabla mimi sijamaliza kumweleza kuhusu yangu. Mtoto wetu wa pili alizaliwa siku ambayo makundi mawili ya kima yalikuwa yanapigania mti wa tini wa porini uliozaa, na baba mtu akafika jioni na majani kwenye nywele. Nilimsema nikachoka. Alinisikiliza hadi mwisho, akambeba mtoto, akamkoholea mara mbili taratibu, na mtoto akanyamaza. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Watoto aliwafundisha lugha ya kule. Kima wana mlio wa tai na mlio wa chui, na haifanani. Akitoa wa tai, watoto wanajitupa chini ya meza. Akitoa wa chui, ule mzito wa kurudiarudia, wanapanda kitandani na viatu vyao, shuka zangu zinaisha. Siku moja binti yetu akamuuliza, "Na mlio wako wewe, baba, ukoje?"

"Mimi sina mlio," akajibu. "Wakiniona mimi hawasemi kitu. Kwao mimi ni mti."

Alilisema kwa majivuno, yeye ambaye hakuwahi kujivunia kitu. Na mimi niliyekuwa napiga pasi pembeni nilijivuna naye, japokuwa nisingemwambia.

Kisha wafadhili wa kituo walihamisha fedha zao kwenye mambo mengine, na Profesa, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe pe, alizunguka ofisi kubwa zote akiomba, akarudi mikono mitupu. La kuvunda halina ubani. Kituo kingefungwa mvua zikiisha. Walinzi wa doria walikuwa wa kwanza kuondoka, na nafasi yao haikukaa wazi muda mrefu.

Mume wangu alikuwa na mwenzake kazini tuliyemwita Redio, kwa sababu msituni hakuruhusiwa kusema, basi akitoka aliyasema yote ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Siku moja Redio alikuja kwangu kabla ya saa za kutoka kazini. Alisimama mlangoni, kimya.

"Shemeji, mzee yuko?"

"Yuko ndani, homa imemlaza tangu juzi."

"Leo hajatoka kabisa?"

"Atoke vipi na miguu haimbebi?"

Redio alikaa chini pale pale kizingitini. "Nimemsikia akikohoa msituni asubuhi," akasema. "Mara mbili, kama anavyokohoa. Nikasema, mzee kapona. Kisha nikasikia bunduki."

Alikuta damu kwenye majani na manyoya kidogo. Aliyeuawa alikuwa binti wa Kisiki, aliyekuwa na mtoto mgongoni, na mtoto naye hakuonekana tena. Wawindaji hawakuhitaji kunyemelea. Mtu mmoja alikuwa amejificha siku za nyuma, akasikia jinsi mume wangu anavyobisha hodi, akaenda kubisha vilevile, na mwenye nyumba akachungulia kuona kama ni mgeni wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mume wangu alisikia yote kutoka chumbani, kwa sababu kuta zetu ni mbao tupu. Hakutoka. Nilipoingia nilimkuta amegeukia ukutani, na kila kikohozi cha homa kilipomjia alikibana kwa shuka.

Profesa alikuja nyumbani kwetu siku mume wangu alipopata nafuu. Hakumwita ofisini. Aliketi kwenye benchi la wateja katikati ya sare za shule zisizo na vifungo.

"Tumewafundisha kwamba mtu si hatari," akasema. "Tukiwa hapa, hiyo ni kweli. Tukiondoka, ni uongo utakaowamaliza wote. Mimi ndiye niliyeuanzisha, na siwezi kuuacha hivyo. Kabla hatujafunga lazima waanze tena kuogopa watu."

"Waogope watu," mume wangu akarudia.

"Ndiyo."

"Unaniomba niwapige, Profesa?"

"Nakuomba unisaidie kuwaokoa. Kama kuna njia nyingine niambie, maana mimi nimetafuta nikakosa."

Mume wangu alifikiri mpaka chai ikapoa. Njia nyingine hakuwa nayo. Akasema basi wafanye wengine, yeye hatarusha kitu, ila atakuwepo kuangalia asiumie mnyama vibaya. Profesa alikubali. Alikuwa analia, na alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa alichokiokota mezani kwangu, kisha akaomba radhi kwa kukichafua.

Basi wakaenda, Redio, mpishi wa kituo na dereva, na masufuria, madebe na mifuko ya kokoto. Na hapo ndipo mume wangu alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Kwa miaka yote ile alikuwa amezoea kusimama wazi, mahali ambapo kima wanamwona, asiwashtue. Siku hiyo pia alivaa shati lake la kijani, akakohoa mara mbili, akasimama wazi kuangalia watu wakiwatisha.

Walirudi mchana. Redio alitangulia, akatupa debe lake kwenye uwanja wangu.

"Tumetwanga maji kwenye kinu, shemeji. Muulize mumeo."

Mume wangu alikuwa nyuma yake, na alikuwa anatabasamu. Alijitahidi kulificha tabasamu hilo lakini lilimshinda, likawa linatoka kila upande.

"Unacheka nini?"

"Sicheki."

"Na hayo meno?"

"Mama watoto, hukuona. Madebe yalipoanza walishtuka, wakakimbia. Wakakimbilia kwangu. Wote, na watoto wao. Walijaa kwenye mti niliosimama chini yake. Kisiki alishuka kabisa, akakaa hapa." Akaonyesha karibu na goti lake. "Akanigeuzia mgongo, akawa anawatazama wale wa madebe."

Jamani, nilipandwa na hasira. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka mezani kwanza.

"Na wale wa bunduki wakija wakikohoa," nikamwambia, "atawageuzia mgongo vilevile."

Tabasamu likaisha. Redio alijifanya anatafuta debe lake.

"Unataka wapone," nikasema, "lakini unataka pia waendelee kukupenda. Chagua moja. Hawa hawamwogopi mpishi wala dereva maadamu wewe upo. Anayeweza kuwafundisha kuogopa ni mmoja tu, na ndiye huyu ananiletea meno yake hapa."

Maneno yalikuwa makali, na yalikuwa ya kweli, na sikuyarudisha. Alikaa kwenye benchi. Baada ya muda akasema, si kwangu hasa, "Yule binti wa Kisiki alikufa kwa sauti yangu." Kisha akaingia ndani, na chakula hakula.

Asubuhi alivaa shati lile. Alikuwa na mengine ya kutokea, lakini alisema wakimwona na nguo nyingine watamwogopa mtu mwingine. Hakuniomba nifuatane naye, nami sikumwomba ruhusa. Katika miaka yote sikuwahi kuingia kwenye njia zake. Nilimfuata kwa mbali, nikasimama nyuma ya shina kubwa kama alivyoniashiria, khanga imelowa mpaka magotini.

Alikohoa mara mbili. Matawi yalijibu kidogo, majani yakadondosha maji, nikawaona. Sikutegemea kwamba watakuwa wapole hivyo. Walikuwa wanakula matunda na kuangusha maganda, mama mmoja anamchagua mtoto nywele, na hakuna hata mmoja aliyepoteza muda kumtazama mume wangu. Kweli alikuwa mti. Nikamtambua mke mwenzangu kwa kile kipande cha mkia. Alikuwa mzee kuliko nilivyomfikiria, mashavu yamebonyea, kwenye tawi la chini kabisa, karibu kiasi kwamba mume wangu angeweza kunyoosha mkono akamgusa.

Mume wangu akainama.

Sijawahi kuona kitu kigumu hivyo kikifanywa na mwili wa mtu. Magoti yalianza kujikunja kwa mazoea, akayanyoosha. Mgongo ukashuka kidogo, ukakwama, ukashuka tena, mpaka mkono ukafika chini. Na kima hawakukimbia. Kima wengine wa porini wanajua maana ya mgongo uliopinda, lakini hawa alikuwa amewasahaulisha. Kisiki alishuka hatua moja kwenye tawi, akainamisha kichwa, akachungulia kuona rafiki yake ameokota nini.

Jiwe la kwanza alilirusha pembeni. Kisiki aliligeukia likianguka, akamgeukia tena yeye, akangoja.

La pili lilimpata begani. Nilisikia lilivyogonga. Alilia, mlio mfupi, na hakuondoka mara moja. Alishika bega, akamtazama mume wangu usoni, akatazama mkono wake, akarudi usoni. Nilitamani kutoka nyuma ya shina lile nikamwambia mimi mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, dada yangu, kimbia, si kwa ubaya. Mume wangu akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia nyumbani kwangu, akainama tena, akarusha, akainama, akarusha, na ndipo msitu mzima ukapasuka juu yetu na kila mmoja akashika njia yake.

Kulipotulia alikuwa bado ameshika jiwe. Nilimfungua vidole. Tukashika njia ya kurudi nyumbani.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki zote zilizobaki. Alikohoa kwanza kila mara, kwa sababu kikohozi hasa ndicho kilichotakiwa kuogopwa. Redio alisema mara chache za mwanzo walikuwa wanasogea tena kumpima, kama mtoto aliyechapwa anavyozungukazunguka karibu na mama yake. Kisha wakaacha kusogea. Profesa alipofunga mlango wa mwisho alimshika mume wangu mikono yote miwili, wakasimama hivyo. Vichupa vilipakiwa kwenye maboksi, gari likaondoka. Msitu ukaota mpaka kwenye ngazi za ofisi.

Yeye akawa msaidizi wangu. Alishona vifungo, na alivishona vizuri, maana subira anayo ya kugawa. Mashati ya kijani aliniomba niyakate. Niliyakata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani, yote isipokuwa moja, ambalo liko chini ya sanduku langu na yeye hajui. Kile kikohozi chake cha mara mbili, ambacho hata nyumbani alikitoa kabla ya kuingia, alikiacha. Alikuwa anaingia jikoni ghafla na kunishtua, na sikumlaumu.

Mwaka mwingine ulipita. Siku moja tulikuwa tunatoka mashine ya kusaga, njia inayopita kandokando ya msitu, yeye amebeba mfuko wa unga. Matawi yakatikisika juu yetu. Akasimama, akaweka mfuko chini, na kabla sijamzuia akakohoa mara mbili.

Mlio ulitoka juu, mzito, wa kurudiarudia, wa sauti iliyokwaruza ya mzee. Wengine wakaudaka. Matawi yalivuma, yakaenda mbali, yakawa kimya.

"Huyo aliyeanza ni Kisiki," akasema. "Yu hai."

Lakini mimi nilikuwa nimeshamkamata mkono. Mlio ule niliujua, watoto wangu walinichafulia shuka kwa ajili yake miaka mingi. "Ni wa chui," nikanong'ona, nikitazama vichaka. "Chui yuko wapi?"

"Hakuna chui, mama watoto."

Alitazama kule walikoelekea. Uso wake ulikuwa na furaha, na furaha hiyo ilikuwa inamuumiza. Hakuificha, na sikuhitaji kuonyeshwa ili niione.

"Huo ndio mlio wangu," akasema.

Nilimlilia mke mwenzangu pale njiani bila kuona haya. Mume wangu alingoja nimalize. Kisha akainama, mgongo umepinda kama wa mtu yeyote, akauokota mfuko wa unga, tukaenda nyumbani.